Abdulwahid Sykes: Mtoto wa wahamiaji aliyelelewa na mtaa

TUNAPOKUMBUSHANA habari za wazee wetu waliopigania uhuru wa nchi hii, mara nyingi tunaanza na mikutano, kadi za chama na tarehe za uchaguzi. Hivyo ni sawa, kwa kuwa historia haiendi bila tarehe. Lakini kiongozi hazaliwi mkutanoni. Kabla hajapanda jukwaani amekwisha kulelewa, amekwisha kuchapwa na mwalimu wa chuo, amekwisha kutumwa dukani na jirani ambaye si mama yake. Leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame marehemu Abdulwahid Sykes kwa upande huo. Nataka tuutazame mtaa uliomlea, maana nionavyo mimi hatuwezi kuyaelewa aliyoyafanya bila ya kuwajua watu waliokuwa wakiishi nyumba ya pili na ya tatu kutoka kwao.

Nimeamua kuandika habari hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana wetu wa mjini siku hizi wanasikia maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni, nani ana asili hapa na nani amekuja, na wengine wanayaamini. Ya pili ni kwamba mtaa wenyewe unaondoka mbele ya macho yetu. Nyumba za Kariakoo na Gerezani zimeuzwa na zinaendelea kuuzwa, warithi wametawanyika, na pale palipokuwa na baraza na mwembe leo pana ghorofa ya maduka. Tusipoandika sasa, wajukuu wetu watadhani kuwa Kariakoo tangu mwanzo ilikuwa mahali pa kununua mabegi na simu tu.

Babu aliyekuja na bunduki

Habari za ukoo huu zinaanzia mbali, na zinaanza na jambo ambalo wengine hupenda kulificha. Mwaka 1888 watu wa pwani yetu waliinuka kupinga kampuni ya Wajerumani. Kiongozi mashuhuri wa vita vile alikuwa Abushiri bin Salim, na pamoja naye Bwana Heri wa Saadani. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann kuja kuzima vita. Wissmann alikuja na askari wa kukodi: Wasudani karibu 600 waliochukuliwa Misri, na Washangaan kutoka upande wa Inhambane, Msumbiji, ambao hapa kwetu waliitwa Wazulu. Mmoja wa Wazulu hao alikuwa Sykes Mbuwane, babu yake Abdulwahid. Abushiri alikamatwa akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889.

Nasema haya waziwazi kwa kuwa historia inayochagua ya kupendeza peke yake haimfai Muislamu. Sykes Mbuwane alikuja katika nchi hii akiwa upande wa mkoloni. Hakuja kwa hijra wala kwa biashara, alikuja kwa mshahara. Na mwanawe, Kleist, alizaliwa Pangani hiyo hiyo mwaka 1894, miaka mitano tu baada ya Abushiri kunyongwa hapo.

Mtoto huyu hakukaa sana na baba yake. Wajerumani walikuwa na vita Uhehe dhidi ya Mtwa Mkwawa, na katika safari za vita hivyo Sykes Mbuwane alikufa maji katika mto Ruaha. Kleist akabaki yatima. Aliyemchukua na kumlea ni mkubwa wa Wazulu, Affande Plantan, ambaye alimchanganya na watoto wake mwenyewe. Hao ndio akina Thomas, Schneider na Ramadhani Mashado Plantan, majina ambayo tutakutana nayo tena huko mbele. Sisi tunajua daraja ya anayemlea yatima katika dini yetu. Nadhani ni haki kusema kuwa sehemu ya historia ya siasa za Tanganyika ilianzia katika sahani moja aliyowekewa yatima pamoja na watoto wa mwenye nyumba.

Kleist alisomeshwa Kijerumani, akaingia jeshini kama baba yake, na katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa katika jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck. Vita vilipokwisha Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia, na Kleist akapata kazi ya ukarani katika reli. Yule mtoto wa askari wa kukodi sasa akawa mtu wa mjini.

Kariakoo na Gerezani

Mji wenyewe ulikuwaje? Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka 1916. Katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipanga liwe makazi ya Waafrika, na ambamo walikuwa wamekwisha kujenga jengo la soko, Waingereza wakaweka wapagazi wa jeshi lao, yaani Carrier Corps. Ulimi wetu ukaligeuza neno hilo likawa Kariakoo. Mwaka 1923 lile jengo likaanza kutumika kama soko. Kisha mji ukagawanywa: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika Kariakoo, na katikati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja kuwatenganisha.

Mitaa ikapewa majina, na ukiyasoma majina hayo unasoma namna watu walivyofika. Upo Mtaa wa Kongo, upo wa Nyamwezi, wa Somali, wa Pemba. Ipo Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti, ambayo ni majina ya mahali walipopigana Waingereza na Wajerumani huko kusini mwaka 1917. Tafakari kidogo, ndugu msomaji. Mwanamume aliyepigana upande wa Wajerumani na jirani yake aliyebeba mizigo ya Waingereza walikaa katika mitaa iliyopewa majina ya vita vile vile vilivyotaka kuwaua wote wawili, na wakasalimiana asubuhi wakienda msikitini.

Wakazi wake walikuwa mchanganyiko wa ajabu. Walikuwepo Wazaramo na Wamashomvi, wenyeji wa mrima huu. Walikuwepo Wamanyema waliotoka Kongo, wengi wao wakiwa wameletwa au wamepita katika misafara ya karne ya 19. Walikuwepo Wanubi, ndio wale Wasudani wa Wissmann na vizazi vyao, na Wazulu, na Wayao, Wanyamwezi, Wangazija na Washihiri. Makuli wa bandarini, makarani wa reli, wapishi, madobi, maseremala, wauza samaki, mama wauza vitumbua. Matajiri walikuwa wa kuhesabu. Misikiti nayo inakusimulia jambo hilo hilo, maana mpaka leo tunao Msikiti wa Manyema, na hakuna anayeuliza kama anayeswali ndani yake asili yake ni Kongo.

Nyumba ya Kiswahili ya wakati ule ilikuwa na vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, na ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Katika nyumba moja ungemkuta Mmanyema, Mzaramo, Mnyamwezi na Mngazija, ua mmoja, choo kimoja, kila mwanamke na mafiga yake. Katika maisha kama hayo siri haikai na njaa haifichiki. Mtoto akirudi kutoka chuoni alikula palipoivia mapema. Akikosea njiani, mtu mzima yeyote alimwadhibu, na akienda kushtaki nyumbani aliongezwa.

Na kubwa kuliko yote ilikuwa ni kuzikana. Mtu aliyetoka Tabora au Kasongo, hana shangazi wala mjomba mjini, alitaka ajue akifa nani atamkosha na nani atalibeba jeneza. Kwa hiyo watu wakaungana katika vyama vya kuzikana na kusaidiana, wakachanga, wakaandika majina daftarini, wakachagua mweka hazina na katibu. Naomba jambo hili tulizingatie. Watu hawa walijifunza kuendesha chama, kutunza fedha za umma na kuchagua viongozi, miaka mingi kabla hakijatajwa chama cha siasa. Walijifunza kwa ajili ya sanda.

Nyumba ya Mtaa wa Kipata

Abdulwahid alizaliwa tarehe 1 Desemba 1924, Gerezani, katika Mtaa wa Kipata, ambao baadaye ulipewa jina la baba yake. Nyuma yake walifuata Ally mwaka 1926 na Abbas mwaka 1929.

Mwaka ule ule wa 1924 alifika Dar es Salaam Dk. James Aggrey, Mwafrika msomi kutoka Gold Coast ambayo sasa ni Ghana, akiwa katika tume iliyochunguza elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye, na mazungumzo yao yakamwachia jambo moja kichwani: Waafrika waungane. Miaka mitano baadaye, mwaka 1929, ikaanzishwa African Association. Rais wake alikuwa Cecil Matola, Mkristo, na katibu wake Kleist Sykes, Muislamu. Pamoja nao walikuwapo Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi, Ramadhani Ali na wengineo. Kisha mwaka 1933 ikaanzishwa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, Mzee bin Sudi akiwa rais na Kleist tena akiwa katibu. Lengo la jumuiya hii lilikuwa kuwapatia watoto wa Kiislamu elimu, Qur'an na hesabu chini ya paa moja, kwa kuwa shule nyingi wakati ule zilikuwa za misheni na mzazi Muislamu alihofia dini ya mwanawe.

Kwa hiyo huyu mtoto alikulia wapi? Alikulia katika nyumba ambayo jioni wazee wanakuja, makaratasi yanatandazwa, barua kwa Serikali inaandikwa na kufutwa na kuandikwa tena. Jengo la African Association, New Street, lilijengwa kwa kujitolea, watu wakifanya kazi kwa mikono yao baada ya kutoka vibaruani. Abdulwahid alikuwa mtoto wakati huo. Alisoma shule ya Al Jamiatul Islamiyya ambayo baba yake alikuwa miongoni mwa walioiasisi, kisha akaenda shule ya Serikali ya Kitchwele. Alikuwa na umri wa miaka 10 ilipoanzishwa Young Africans mwaka 1935, na mpira, kama ilivyokuwa taarab na lelemama, ulikuwa na viongozi wake, wanachama wake na michango yake. Kila ulipogeuka katika mtaa ule palikuwa na chama.

Ndiyo maana nasema mtaa ulimlea. Baba alikuwa na sehemu yake kubwa, hilo halina ubishi. Lakini Kleist asingekuwa Kleist bila Affande Plantan, na African Association isingepata ukumbi bila ya makuli na maseremala waliobeba mawe.

Kutoka Burma mpaka bandarini

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Abdulwahid akaingia jeshini kama babu na baba. Alikuwa katika King's African Rifles, akafika Burma kupigana na Wajapani. Ally naye alikwenda. Huko askari wa Kiafrika wakaona mengi. Walimwona Mzungu akiogopa risasi kama wao. Walipita India wakawaona Wahindi wakidai nchi yao. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wakiwa wanangoja meli katika kambi nje ya Bombay, vijana wa Tanganyika walizungumza juu ya nini kifanyike watakaporudi nyumbani. Mazungumzo hayo Abdulwahid na wenzake waliyakumbuka baadaye.

Alirudi akaukuta mji umejaa watu na maisha yamepanda. Sensa ya mwaka 1948 iliihesabia Dar es Salaam watu karibu 69,000. Bei za vitu zilikuwa juu na mshahara wa kuli ulikuwa ule ule. Mwezi Septemba mwaka 1947 makuli wa bandari wakagoma, na mgomo ukasambaa mpaka njia ya reli. Baada ya hapo likaja suala la kuwa na chama imara cha makuli, na waliyemtafuta kuwaongoza alikuwa Abdulwahid, kijana wa miaka 23.

Kwa nini yeye? Hakuwa kuli. Alikuwa mtoto wa nyumba yenye uwezo, maana Kleist alikuwa amekwisha kuingia katika biashara na ana majumba. Jibu nalipata mtaani. Makuli wale walikuwa wapangaji wa nyumba za Gerezani na Kariakoo. Walimjua tangu akivaa kanzu ya chuo. Walijua nani alimzika babu wa nani. Mtu wa namna hiyo huhitaji kumpa barua ya utambulisho.

Kleist alifariki mwezi Mei mwaka 1949. Abdulwahid akaajiriwa na halmashauri ya mji akawa mkuu wa soko la Kariakoo. Kazi hiyo kwa mtazamo wa juu juu ni ya kukusanya ushuru na kugawa vizimba. Lakini soko lilikuwa ndiyo moyo wa mji wa Waafrika. Kila mwenye shamba la Mbagala au Kisarawe alilazimika kupita pale, na kila habari ilipita pale pia.

Mjomba anaondolewa

African Association, ambayo mwaka 1948 ilikuwa imegeuka kuwa Tanganyika African Association, yaani TAA, ilikuwa imepoa mikononi mwa wazee. Rais wake alikuwa Thomas Plantan, mtoto wa yule Affande Plantan aliyemlea Kleist. Kwa hesabu za nyumbani huyu kwa Abdulwahid ni mzee wake. Mwaka 1950 vijana, wakiungwa mkono na baadhi ya wazee, wakalazimisha uchaguzi. Thomas Plantan akaondoka, Dk. Vedasto Kyaruzi akawa rais na Abdulwahid akawa katibu.

Mimi huwa najiuliza ilikuwaje nyumbani siku ile. Katika mtaa kama ule humwondoi mtu madarakani halafu usimwone tena. Unamkuta msikitini, unamkuta msibani, mnakula sinia moja katika maulid. Hata hivyo mtaa haukupasuka. Mdogo wake Thomas, Mashado Plantan, aliendelea na gazeti lake la Zuhra, na gazeti hilo likaja kuwa sauti ya harakati. Hapa pana fundisho kwetu sisi ambao siku hizi tukigombania uongozi wa msikiti tunafika mahakamani, na baada ya hapo watoto wetu hawaamkiani.

Uongozi mpya uliunda kamati ya siasa iliyokuwa na watu kama Sheikh Hassan bin Amir, Said Chaurembo, Hamza Mwapachu, Steven Mhando na John Rupia. Walipeleka maoni ya Waafrika kwa Gavana Twining juu ya katiba ya Tanganyika. Serikali ikaona hatari, Dk. Kyaruzi akahamishwa mbali na Dar es Salaam, na Abdulwahid akabaki na mzigo.

Mgeni kutoka Pugu

Mwezi Oktoba mwaka 1952 Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh akaenda kufundisha Pugu. Alikuwa Mkristo kutoka Butiama, mbali kabisa, na mjini hakuwa na watu. Aliletwa kwa Abdulwahid. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, ulifanyika uchaguzi wa TAA. Nyerere akawa rais na Abdulwahid makamu wake.

Juu ya jambo hili yamesemwa mengi na yataendelea kusemwa. Mimi nataka nilitazame kwa jicho la mtaa. Hapa palikuwa na kijana wa miaka 28, mtoto wa mwasisi wa chama, mzaliwa wa mji, anayejulikana na wazee, na makuli na soko zima. Akakubali mgeni awe mbele. Wengine wataliita hilo udhaifu, wengine hekima ya kujua kuwa harakati inamhitaji msomi atakayesimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Mimi naona mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye wapangaji wa makabila sita hakuona ajabu kumpa mgeni chumba cha mbele. Babu yake mwenyewe alikuwa mgeni. Baba yake alikuwa yatima aliyepewa nafasi katika nyumba ya watu.

Tarehe 7 Julai 1954, katika jengo lile lile la New Street lililojengwa kwa kujitolea, ikazaliwa TANU. Abdulwahid na Ally wote walikuwemo miongoni mwa waasisi 17, na kadi ya Abdulwahid ilikuwa namba 3. Serikali ikawakataza watumishi wake siasa, na Abdulwahid alikuwa mtumishi wa mji, kwa hiyo kazi zake nyingi akazifanya bila cheo. Mwaka 1955 Nyerere alipoacha ualimu baada ya kutoka New York, akiwa hana mshahara, nyumba iliyompokea kwanza ilikuwa ya Abdulwahid, Kariakoo. Dossa Aziz akatoa gari lake lifanye kazi za chama. John Rupia akatoa fedha. Bibi Titi Mohamed, mtoto wa mjini aliyejulikana kwa uimbaji wa lelemama, akawakusanya akina mama kupitia vikundi vile vile vya ngoma na kusaidiana. Wazee wakamtambulisha Nyerere mabarazani na kumwombea dua. Mtandao uliokuwa umetandazwa kwa ajili ya maziko na harusi ukabeba siasa ya nchi nzima.

Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Abdulwahid hakuwa waziri. Alirudi katika shughuli zake, na tarehe 12 Oktoba 1968 akafariki dunia, hajatimiza hata miaka 44. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa ipasavyo katika vitabu walivyosoma watoto wetu shuleni. Mwaka 2011, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Serikali ilimtunukia nishani yeye na mdogo wake Ally. Yeye alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 43.

Tunajifunza nini

La kwanza ni hili la mwenyeji na mgeni. Sykes Mbuwane aliletwa na Wajerumani kuja kuwapiga watu wa pwani. Mwanawe aliwaunganisha watu wa pwani na wa bara katika chama kimoja. Mjukuu wake akasaidia kumwondoa mkoloni. Na kitukuu chake, Kleist mwana wa Abdulwahid, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam. Vizazi vinne. Sasa mtu atuambie ni kizazi gani hasa hapo ambacho kilikuwa bado kigeni, na kigeni kwa nani. Dini yetu, katika Suratul Hujurat, imetufundisha kuwa makabila yamewekwa ili watu wajuane, na ubora uko katika uchamungu. Mtaa wa Gerezani uliyaishi mafundisho hayo kabla hayajageuka kuwa mada ya semina.

La pili ni kwamba nguvu ya Waislamu wa mji huu haikuanzia katika fedha. Ilianzia katika kujuana. Wazee wetu walikuwa makuli na makarani, lakini walijenga ofisi, walijenga shule, walianzisha jumuiya, na kila kitu kikawa na daftari na katibu. Leo tuna fedha kuliko wao. Tuna misikiti ya vigae na viyoyozi. Lakini nenda kawaulize walioswali safu moja Alfajiri, ni wangapi wanajua jina la aliyesimama kulia kwao? Katika ghorofa zetu mpya mtu anaweza kufiwa ghorofa ya tatu na wa ghorofa ya nne akapiga muziki, si kwa ubaya, bali hajui.

La tatu ni amana ya kumbukumbu. Soko jipya la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 liliungua mwezi Julai mwaka 2021, na sote tukahuzunika kwa mali iliyoteketea. Lakini kuna moto mwingine usiotoa moshi. Mzee anafariki, warithi wanauza nyumba, na siku ya kuhama sanduku la makaratasi linatupwa jalalani: barua za chama, picha, stakabadhi za michango ya shule, vitabu vya maziko. Aila ya Sykes ilitunza makaratasi yake, na bint yake Abdulwahid akayaandika maisha ya babu yake Kleist yakachapishwa mwaka 1973. Ndiyo maana leo tunaweza kuyasema haya. Ni koo ngapi nyingine za Kariakoo, za Wamanyema, za Wanubi, za Wazaramo, ambazo mchango wao umekwenda na sanduku?

Rai yangu ni nyepesi. Kila msikiti wa mjini una vijana wenye simu za kurekodi sauti. Wawaendee wazee waliobaki, wawaulize walikuja mjini na nani, walipokelewa na nani, chama chao cha kuzikana kiliitwaje, katibu alikuwa nani. Warithi wanaotaka kuuza nyumba ni haki yao, lakini kabla ya kukabidhi funguo wafungue masanduku. Na jumuiya zetu zitenge japo chumba kimoja cha kuhifadhi makaratasi hayo, chenye msimamizi na daftari.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdulwahid Sykes, amrehemu Kleist, amrehemu Affande Plantan kwa yatima aliyemlea, na awarehemu wale makuli na mama wauza vitumbua ambao majina yao hatukuyaandika. Amin.